Picha za nyambizi zinaangaliwa kwa masikio

Mkuu, umeuliza sisi tunaoogopa picha (filamu) za nyambizi na madubwana ya kilindini tunaogopa nini hasa, maana wewe umeangalia tatu, zote zimetafsiriwa, na zote umeishia kusinzia. Nivumilie, jibu ni refu kidogo. Shida iko kwenye hilo neno "zimetafsiriwa".

Ya kwanza kabisa niliiangalia kwenye banda la video Mwanjelwa, Mbeya, niko darasa la sita. Nyambizi ya kijeshi, na huko chini kuna kitu kinaizunguka. Kuna sehemu kapteni ananyoosha mkono, wote wanaganda. Baharia mmoja alikuwa anakula, kijiko kimebaki mdomoni, hathubutu kukitoa. Hapo hapo mtafsiri, yule anayeongea Kiswahili juu ya sauti ya picha, akadakia: "Steringi kashtuka, dude hilo linakuja!" Banda zima likacheka, na mimi nikacheka.

Miaka ikapita. Nikiwa Matema kikazi, jamaa akanipa flashi ya picha. Usiku nikavaa hedifoni, na nilipofika kwenye kile kijiko ndipo nikajua ni mkanda ule ule. Safari hii hakuna aliyeongea. Chuma cha nyambizi kikalia, mlio mrefu kama geti zito linalofunguliwa taratibu. Kimya. Halafu kitu kikakwaruza kwa nje, kuanzia mbele, kikapita juu ya vichwa vyao hadi mkiani. Nilivua hedifoni, nikakuta mawimbi ya Ziwa Nyasa yanapiga ufukweni hatua chache kutoka dirishani. Sikuivaa tena hadi kesho yake.

Nyambizi ya kijeshi haina dirisha la kuonea njia. Huko chini ni giza, watu wanaishi kwa kusikiliza. Sauti majini inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani. Ukipiga mlio wa sona, ule unaotumwa majini ukasikiliza mwangwi wake ili ujue adui yuko wapi, na yeye ameshajua ulipo. Kwa hiyo wanazima kila kinachozimika na kutega sikio. Kile kimya ndiyo picha yenyewe, na mtafsiri anakijaza maneno.

Halafu kuna uzito wa maji. Kila mita 10 unazoshuka, inaongezeka karibu kilo moja kwa kila sentimita moja ya mraba. Mita 300 chini, eneo la ukubwa wa kiganja tu linabeba kama tani tatu, yaani Hiace ya Mbalizi iliyoshona abiria. Kile chuma kinapolia, ndicho kinacholilia.

Na usidhani sauti za kutisha ni za kutunga tu. Mwaka 1997 vinasa sauti vya Wamarekani vilivyotegwa baharini Pasifiki vilinasa mngurumo mzito uliosikika kwenye vituo vilivyoachana zaidi ya kilomita 3,000. Watu wakaanza kusema kuna mnyama mkubwa kuliko nyangumi. Baadaye wataalamu wakaeleza kuwa ni barafu kubwa ya upande wa Antaktika inayopasuka. Mimi hata baada ya kujua hivyo, ule mlio bado unanisisimua mwili.

Ndiyo maana picha inayoanika dubwana lake mapema, meno yote nje, mimi naiona imeharibika. Bibi yangu alipotusimulia nyoka wa Ziwa Ngosi hakuwahi kusema ana urefu gani wala kichwa chake kikoje. Alisema maji hubadilika rangi, basi. Tulilala tumejifunika gubigubi.

Kwa hiyo jaribu tena, mkuu. Tafuta isiyotafsiriwa, yenye maandishi chini, vaa hedifoni, zima taa. Ile ya kijiko bado ninayo kwenye flashi. Kama uko Mbeya nicheki inbox, nikuletee Kabwe.