Homa ya mtoto usiku: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia mjukuu wangu ameamka akicheka. Jana usiku uliniuliza mawili kwa mpigo: homa ikifika ngapi ndipo muogope, na kati yako uliyetaka kumpa dawa na mkeo aliyetaka kumtia kwenye maji baridi, nani alikuwa sahihi. Nilikujibu nusunusu kwa sababu ya usingizi. Sasa nakujibu kwa kituo.

Nianze na maji baridi, maana hapo nina jambo la kukiri. Ulipokuwa na miezi kumi ulishikwa na homa ya nyuzi 38.9 za Selsiasi. Mimi na mama yako tukakuweka kwenye beseni la maji baridi, tukidhani homa huzimwa kama moto. Ngozi ilipoa upesi kweli, lakini midomo ilibadilika rangi na ukaanza kutetemeka mwili mzima. Tulipokupima tena baadaye, kipimajoto kilisoma 39.3. Sikujua wakati ule kwamba kwenye homa ni ubongo wenyewe unaoamuru joto lipande, ili mwili upambane na vijidudu. Ukimpoza mtoto kwa nje, ubongo unaona joto limepungua kuliko ulivyoagiza. Unabana mishipa ya ngozi na kuitetemesha misuli mpaka joto lirudi. Mnavutana na mwili wake, na anayeumia ni yeye. Kumpaka spiriti ndiyo mbaya zaidi, kwani hupenya kwenye ngozi na mvuke wake anauvuta. Mvueni nguo nzito, abaki na moja nyepesi, basi. Wala msimgubike mablanketi eti atoke jasho.

Wewe nawe hukuwa sahihi sana. Uliniambia ana 38.4, na dakika hiyo hiyo ukasema amekaa anaivuta soksi yake aitie mdomoni. Mtoto anayecheza na kunyonya hahitaji dawa kwa sababu tu namba imepanda. Dawa ya homa haitibu kilichoileta. Inampunguzia maumivu ili anyonye na alale. Akiwa analia hatulii, mpe. Akiwa amelala na anapumua vizuri, usimwamshe ati saa ya dozi imefika.

Ukimpa, mpe kwa hesabu. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kati ya dozi na dozi zipite saa 4 hadi 6, na zisizidi dozi 4 kwa saa 24. Huyu wenu wa miezi saba ana kilo 8, kwa hiyo dozi yake ni miligramu 80 hadi 120. Sasa soma chupa. Iko sirapu yenye miligramu 120 kwenye kila mililita 5. Hapo mililita 5 ndio mwisho wake. Iko nyingine yenye miligramu 250 kwenye mililita 5 zile zile, na unaweza kukuta chupa zinafanana. Ukikosea chupa umempa zaidi ya mara mbili ya kipimo chake, na parasetamoli ikizidi huumiza ini bila mtu kuona chochote mwanzoni. Kijiko cha jikoni kiacheni jikoni. Tumieni sirinji isiyo na sindano, ipitisheni pembeni mwa shavu, msukume polepole.

Na andikeni. Kuna usiku mama yako alikupa dozi saa nne, akaenda kulala. Mimi nikaamka saa tano, nikakuta unalia, nikakupa nyingine. Tuligundua asubuhi, na sijasahau jinsi mama yako alivyoniangalia. Tangu siku hiyo tulibandika karatasi ukutani: saa, joto, dawa gani, kiasi gani, nani katoa.

Aspirini asipewe kabisa. Kwa watoto inaweza kuleta ugonjwa unaoshambulia ini na ubongo. Ibuprofeni mwulizeni daktari kwanza, hasa akiwa anatapika au anaharisha.

Sasa hilo la kuogopa. Kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, namba ndiyo inayoamua: 38 ni hospitali saa hiyo hiyo, hata akiwa anatabasamu, kwa kuwa kichanga anaweza kuwa na maambukizi mazito bila kuonyesha. Na kichanga akipoa chini ya 35.5, hiyo nayo ni hatari. Kuanzia miezi mitatu hadi sita, 39 apelekwe kwa daktari. Akishavuka hapo, kama huyu wenu, mtazameni mtoto kuliko kipimajoto. Amelegea tepetepe au haamki vizuri? Hataki kunyonya, au kila anachomeza anakitapika? Anahema mbio, mbavu zinabonyea ndani? Utosi umevimba? Ana madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza kwa glasi? Nepi imekaa kavu kwa muda wa saa 8? Lolote kati ya hayo, msisubiri asubuhi. Homa ikigonga siku ya tano, apelekwe hata akiwa mchangamfu. Kama mahali mlipo pana malaria, au mmetoka huko karibuni, apimwe damu siku hiyo hiyo. Na msisingizie meno. Meno hayaleti homa kali.

Degedege nililiona kwa dada yako. Macho yalimgeuka, mikono ikakakamaa, nami nikatafuta kijiko nimtie mdomoni, kosa ambalo jirani alinizuia nisilifanye. Mlaze kwa ubavu sakafuni, ondoa vitu karibu yake, usimshike kwa nguvu, usimtie chochote mdomoni, na tazama saa. La dada yako lilikuwa la dakika mbili, nilizozihesabu kwenye saa ya ukutani. Likipita dakika 5, ni dharura, iteni msaada. Likiisha mapema, bado apelekwe akaangaliwe siku hiyo. Huwapata watoto wachache kati ya miezi sita na miaka mitano, na mara nyingi haliachi madhara, ingawa ukilitazama huwezi kuamini hivyo. Kumpa dawa ya homa mapema hakulizuii.

Maziwa ya mama ampe mara nyingi kuliko kawaida, hata akinyonya kidogo kidogo.

Msalimie mkeo. Mwambie simlaumu, beseni hilo sisi tulilitangulia. Na ukimaliza kusoma, itoe ile chupa kabatini uniandikie imeandikwa miligramu ngapi.

Baba yako