Kabla Hujapeleka Hiyo Barua ya Kuacha Kazi

Jumatatu usiku, saa nane kasoro, simu yangu imelia. Ni ujumbe wa binti mmoja anayefanya kazi benki, kaunta, mwaka wake wa nne. Anasema roho yake iko kwenye uigizaji, ameona nimerudi kwenye msimu mpya wa tamthilia, naye anataka kauli yangu tu. "Dada, ukiniambia acha, Ijumaa napeleka barua."

Mdogo wangu, Ijumaa? Vuta kiti kwanza.

Ni kweli nimerudi. Nacheza mama mkwe, na mwanangu wa kwenye tamthilia ana miaka 31 wakati mimi nina 34, ila hilo tuliache, mkorogo wa mvi za bandia unafanya kazi yake. Nimesaini vipindi 26. Tangu niache kazi, huu ni mwaka wa kwanza ninaoufikia Desemba nikijua nitakula nini. Nimefurahi, sifichi, na wale waliosema nitarudi kuomba kazi kabla ya Pasaka wanasoma hapa pia. Karibuni.

Lakini wengi mnaoniandikia mmeanza kuiangalia hadithi yangu kutoka mwisho.

Mimi ugonjwa huu niliupata Aprili 2012, alipofariki Steven Kanumba, yule mwigizaji wa filamu. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni nasoma uhasibu, tukatoka darasa zima kwenda viwanja vya Leaders Club, Dar es Salaam, kumuaga. Sijawahi kuona watu wengi vile. Wamama wamefunga kanga kiunoni wanalia kama wamefiwa na mtoto wa kumzaa, na hawajawahi kukutana naye hata siku moja, wamemwona kwenye kioo tu. Nikarudi hosteli na jambo moja kichwani: kumbe kazi ya mtu inaweza kuingia ndani ya nyumba za watu namna hii. Nikaendelea na mizania kwa sababu ada alikuwa analipa mama kwa kuuza vitenge, na mama hakuwa analipa ada ya kulia Leaders.

Mwaka 2014 nikaajiriwa kwenye kampuni moja pale mtaa wa Samora, msaidizi wa mhasibu. Mshahara ulifika laki tisa na nusu kabla ya makato. Miaka mitano. Sina la kusimulia humo, kila aliyefunga mahesabu ya mwezi anajua.

Septemba 2019 niliomba ruhusa ya Jumamosi moja niende usaili Mwananyamala. Jumamosi tulikuwa tunafanya kazi nusu siku. Bosi wangu hakukataa ofisini kwake, alisubiri kikao cha idara, watu kumi na wawili mezani, akasema, "Huyu anataka kuwa msanii. Kwa sura hiyo ya kulipia bili ya umeme?" Watu wakacheka. Aliyekaa kulia kwangu, niliyekuwa namfunikia makosa yake ya stoo kila mwezi, alicheka mpaka akatoa leso. Miaka imepita na bado nikipiga mswaki asubuhi kuna siku naiangalia sura yangu kwenye kioo na kuijibu ile sentensi.

Barua niliiandika muda wa chakula cha mchana, nikaiacha mezani kwake, kesho yake sikwenda. Nilijiona shujaa. Sheria ya ajira ya 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28, na ukigoma kuifanyia kazi, mwajiri ana ruhusa ya kukukata malipo ya siku hizo. Wakanikata. Mhasibu mzima! Mtu niliyekuwa nawaandalia wenzangu hesabu za kuondoka, nimeshindwa kupiga ya kwangu kwa sababu ya hasira.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usiache kazi siku uliyotukanwa. Siku hiyo hufuati uigizaji, unamkimbia bosi.

Akiba yangu ilikuwa milioni nne na laki mbili. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, milioni moja na laki mbili ikaondoka. Usaili niliofanya hadi Februari ni tisa. Nilipata nafasi mbili, zote za kupita nyuma ya mtu, moja kwenye msiba na nyingine sokoni, malipo nauli na chipsi. Halafu Machi 16, 2020 kikatangazwa kisa cha kwanza cha corona nchini, mikusanyiko ikazuiwa, lokesheni zikafungwa. Nikauza friji. Nikauza na ile televisheni niliyoinunua ili niwe najifunza kwa kuangalia.

Kilichoniokoa ni kalkuleta. Dada mmoja mwenye duka la vipodozi Sinza alikuwa anagombana na mahesabu ya kodi, nikamnyooshea vitabu, akaniunganisha na mwenye famasi, mwenye famasi akaniunganisha na fundi aluminiamu. Hadi mwaka jana nilikuwa na wateja saba. Kazi niliyoiacha kwa kishindo ndiyo iliyoniwekea ugali mezani huku nikijiita msanii. Mnaopenda kuandika mitandaoni "choma daraja nyuma yako", mimi daraja langu nililichoma halafu nikalivuka kwa magoti.

Mwaka 2021 nikaenda kozi fupi Bagamoyo, TaSUBa, kile chuo cha sanaa kilichoanza 1981. Alfajiri napanda gari Makumbusho, jioni narudi. Kule ndiko nilikogundua kwamba sijui kutembea. Mwalimu alitutaka tuvuke jukwaa tumebeba ndoo ya maji ambayo haipo. Mimi nikavuka. Akaniuliza, "Maji yako yamemwagikia wapi?" Sikuelewa. Akasema umeanza na ndoo imejaa, umefika na mikono miwili inaning'inia. Wiki nzima nilibeba ile ndoo, hadi nyumbani, mpangaji mwenzangu akaanza kuniombea. Jifunzeni, jamani. Kulia mbele ya kioo chumbani si mazoezi.

Sasa nafasi yangu ya kwanza yenye maneno, ambayo ndiyo mnayopenda kuuliza. Niliipata kwa sababu ya suti. Kwenye kazi zetu nyingi mwigizaji anajivalisha mwenyewe, na ile filamu ilihitaji mhasibu wa kampuni. Tulikuwa wasichana watano kwenye usaili, wanne wamevaa vizuri sana, kwa ajili ya harusi. Mimi nilikuja na suti ya kijivu ya Samora, kitambulisho cha zamani shingoni nimekigeuza nyuma. Muongozaji hakunisikiliza hata kidogo. "Unazo ngapi kama hiyo?" Sita. "Njoo Alhamisi."

Alhamisi nikakaa nyuma ya meza, naambiwa nihesabu mabunda ya fedha za rushwa. Noti halisi juu na chini, katikati karatasi zilizokatwa. Nikahesabu kama nilivyohesabu miaka mitano: bunda limekunjwa katikati ya vidole vya kushoto, dole gumba la kulia linasukuma, macho yako kwa mtu. Muongozaji akasimamisha kamera: "Kati! Wewe, mhasibu gani halambi kidole?" Nikamwambia kaka, mhasibu akilamba kidole kutwa nzima atamaliza mwaka amelazwa Amana. Mafundi taa wakacheka, yeye hakucheka. Tulirudia mara saba mpaka nikalamba. Filamu ilipotoka nikakaa na mama tuangalie. Kamera iko kwenye noti. Sini yangu ina sekunde kumi na moja na sura yangu inaonekana mbili. Mama akasema, "Hivi umeshaanza kulamba pesa?"

Malipo tulikubaliana laki na nusu, kwa mdomo. Nilipewa elfu hamsini na mtayarishaji akabadilisha namba ya simu. Sikusaini chochote. Mimi, niliyekuwa narudisha hati za malipo kwa sababu sahihi imekosa tarehe! Nilikuwa nimeambiwa kwamba sanaa ni undugu, ukidai karatasi unaonekana una roho ya ofisini. Uwe nayo hiyo roho. Mkataba uandikwe: kiasi, tarehe ya kulipwa, sini zikirudiwa nani anagharamia nauli. Soma mkataba. Ukishausoma, mpe mtu asiyekupenda ausome. Hata sasa kwenye tamthilia, ambako angalau kituo kinajua kuna kitu kinaitwa mkataba, mimi ndiye wanayeniita "mama karatasi", na wale wanaonitania ndio wananifuata chooni kuniuliza kifungu cha nne kina maana gani.

Na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, msiiache. Ukiwa ofisini mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri anabeba sehemu yake, ukitoka hakuna wa kukuchangia, lakini wanapokea hata tuliojiajiri. Tumewachangia waigizaji wangapi kwa michango ya WhatsApp wakiwa wagonjwa? Mtu aliyejulikana nchi nzima anaomba hela ya kipimo. Vijana mnataka kupigwa picha Mlimani City, sawa, nanyi pigweni, ila umaarufu hauna kadi ya bima. Nitalisema mpaka mnichoke.

Kwa hiyo binti wa kaunta, Ijumaa usipeleke kitu. Nenda usaili ukiwa na mshahara. Kusanya kodi ya mwaka, si ya miezi sita. Omba likizo yako ya mwaka uitumie lokesheni, ukae siku nzima kwenye jua la Mbweni unasubiri sini moja ya usiku ambayo mwisho inaahirishwa. Baada ya hapo niandikie tena, saa za mchana.

Na zile sare zako za benki usigawe. Kesho gari linanifuata saa kumi na moja alfajiri, mama mkwe anakwenda ofisini kwa mkwewe kumfanyia fujo, na nimeambiwa nije nimevaa "kama mtu aliyewahi kuwa na cheo". Suti ya kijivu haifungi tena kifungo. Nimemwambia mtu wa mavazi anipige picha kutoka ubavuni.