Usipige grisi mpaka itokeze pembeni

Wiki yangu ya kwanza karakanani nilikabidhiwa pampu ya grisi nikaambiwa nizungukie mota zote. Kiasi hakuna aliyenitajia. Nikajitungia kanuni: nabana mpaka grisi ichungulie kwenye sili, ile pete inayoziba ukingo, ndipo moyo utulie. Kesho yake mota ya feni, ile niliyoihudumia kwa mapenzi kuliko zote, ilikuwa haishikiki kwa joto upande wa beringi, ile pete ya gololi inayoshika shafti inayozunguka. Fundi mkuu hakugomba. Alifungua kizibo cha chini, akaiacha mota izunguke, na grisi ikaanza kutoka taratibu kama ulimi. Ilipoacha kutoka, joto nalo likaanza kushuka. Mota hiyo ilipokuja kufunguliwa kwa shughuli nyingine, tulikuta grisi yangu imeshaingia ndani na kupaka koili.

Beringi ya mwendo kasi ikishindiliwa grisi, gololi zinalazimika kuikoroga bila kupumzika, na kukoroga huko kunazaa joto. Joto likizidi, oili inajitenga na kuvuja, kinachobaki ni uji mkavu. Ukiigusa kwa nje, beringi hiyo haina tofauti na iliyokauka kwa kukosa grisi. Mgeni akihisi joto anaongeza nyingine, na ndivyo nilivyokuwa nakaribia kufanya.

Kiasi kinapigiwa hesabu. Chukua kipenyo cha nje cha beringi na upana wake, vyote kwa milimita, vizidishe, kisha zidisha tena kwa 0.005. Jibu ni gramu za kuongeza kila unapohudumia. Beringi namba 6310 ina kipenyo cha milimita 110 na upana wa milimita 27, kwa hiyo inataka kama gramu 15. Pampu yako inatoa gramu ngapi? Hata mimi sijui, maana kila pampu ina yake. Weka karatasi kwenye mizani ndogo, bana mara kumi, soma. Ukipata gramu 14, kila mbano ni gramu 1.4, na 6310 yako inataka mibano 11. Iandike namba hiyo kwenye mwili wa pampu kwa kalamu isiyofutika. Ni kazi ya dakika tano, lakini nimekutana na mafundi wa miaka mingi ambao hawajawahi kuifanya.

Halafu ijue grisi yenyewe. Ni oili iliyoshikwa na kigandisho, kama sifongo inavyoshika maji. Kinacholainisha ni ile oili. Namba 2 unayoiona kwenye kopo inasema ugumu wa grisi tu, haisemi kitu juu ya oili iliyomo. Grisi mbili zote namba 2, moja ina oili nyepesi inayofaa mota ya kasi, nyingine ina oili nzito ya beringi inayozunguka polepole chini ya mzigo. Ukizibadilisha, zote mbili zitakuaibisha. Tafuta mnato, yaani wepesi au uzito, wa oili hiyo ya msingi kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa.

Rangi isikudanganye. Ni dawa ya rangi tu iliyotiwa kiwandani, nyekundu ya huyu si nyekundu ya yule. Cha kuuliza ni kigandisho: grisi ya lithiamu ikikutana na ya poliurea mara nyingi hazipatani, mchanganyiko unalegea na kumwagika au unakaza kama nta. Mota nyingi za umeme hutoka kiwandani na poliurea, na stoo nyingi zimejaa lithiamu. Hapo ndipo ajali hutokea.

Kwenye kopo la oili, namba inayofuata herufi ISO VG ni mnato wake kwa sentistoksi, kizio cha mnato, kwenye nyuzi joto 40. VG 46 ni nyepesi, VG 320 ni nzito. Ila usilinganishe mizani tofauti. SAE, mizani ya oili za magari, ina ya gia na ya injini: oili ya gia SAE 90 na oili ya injini SAE 50 zinakaribiana mnato, japo namba zinaonekana mbali.

Mnato una maana kwa sababu ya jambo aliloligundua Mwingereza Beauchamp Tower katika majaribio aliyoyatolea ripoti mwaka 1883. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili, oili ikawa inapanda na kumwagika. Akaliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Shafti inayozunguka ilikuwa inajivutia oili kati yake na beringi na kujijengea shinikizo la kuinua mzigo mzima. Oili ikiwa nyepesi kupita kiasi utando huo unakatika. Ikiwa nzito mno, mashine inapoteza nguvu na kupata joto.

Usafi nitausema kwa kifupi. Jicho halioni chembe ya chini ya maikroni 40 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na zinazokula vali za haidroliki ni ndogo kuliko hizo. Pangusa nipeli, kile kichuchu cha kupitishia grisi, kabla ya kuchomeka pampu, na pangusa kichwa cha pampu pia. Pipa likibidi kukaa nje, lilaze, vizibo vyote viwili viwe usawa mmoja wa mlalo, chini ya kimo cha oili. Likisimama, maji ya mvua hutuama juu na usiku pipa likipoa huyavuta ndani. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameshaingia.

Na usiwahi kuziba kwa kidole mpira wa pampu unaovuja. Shinikizo lake linaweza kupenyeza grisi chini ya ngozi kupitia tundu dogo kama la sindano, pengine bila maumivu saa za mwanzo. Ikitokea, usisubiri zamu iishe: nenda hospitali saa hiyohiyo, ukiwa na karatasi ya maelezo ya grisi hiyo mkononi.