"Kiungo imefutwa": kosa la mbunifu au la msanidi?

Swali: Mimi ni mbunifu wa violesura, yaani kurasa za programu anazoziona mtumiaji. Katika programu tunayotengeneza, mtu akifuta kitu huona maneno "Picha imefutwa", na hapo hakuna tatizo. Lakini huona pia "Kiungo imefutwa" na "Ujumbe imefutwa". Msanidi programu wetu anasema alifuata mchoro wangu, na kweli kwenye mchoro niliandika mfano wa picha peke yake. Je, hakuna kiambishi kimoja kinachofaa kwa vitu vyote?

Jibu: Hakuna. Kitenzi hufuata ngeli ya nomino: picha imefutwa, kiungo kimefutwa, ujumbe umefutwa, faili limefutwa, mtumiaji amefutwa. Najua wapo wanaotumia i- kwa kila kitu wakizungumza, na wanaeleweka. Lakini maandishi ya programu husomwa tena na tena, na anayesoma "Kiungo imefutwa" huona wazi kuwa lugha yake ilipachikwa mwishoni, kazi ilipokuwa imekwisha.

Kosa lenyewe limezaliwa kati yenu wawili. Wewe uliandika sentensi moja. Mwenzako akaiona kama kiolezo, yaani nafasi ya jina la kitu, kisha neno "imefutwa" lisilobadilika. Kwa Kiswahili nafasi hiyo haiwezi kuwa huru, kwa sababu jina likibadilika kitenzi nacho hubadilika. Ukanushi ndio hatari zaidi, maana hapo mtumiaji tayari ana wasiwasi na kazi yake: picha haijahifadhiwa, kiungo hakijahifadhiwa, faili halijahifadhiwa.

Kisha kuna wingi. Mbunifu akiangalia "picha 1" na "picha 3" anaweza kudhani hakuna kinachobadilika, kwa kuwa neno picha ni lile lile. Kitenzi hakikubali: picha 1 imefutwa, picha 3 zimefutwa. Kanuni za Unicode CLDR, hazina ya pamoja ya taarifa za lugha mbalimbali ambayo zana nyingi za wasanidi huitegemea, zinakipa Kiswahili makundi mawili ya idadi: moja, na nyinginezo. Hilo linasaidia hesabu tu. Kanuni hizo za idadi hazijui kama kinachohesabiwa ni kiungo au faili. Sifuri nayo huangukia kwenye nyinginezo, kwa hiyo msipoitengea maneno yake mtaonyesha "Picha 0" mahali ambapo mtu angesema "Hakuna picha".

Ushauri wangu ni kwamba sentensi nzima ndiyo ikabidhiwe, si vipande. Kwa kila kitu kinachoweza kufutwa, wewe andika umoja na wingi, kukubali na kukanusha, naye aihifadhi kila sentensi kwa jina la kitu hicho badala ya kuiunganisha ndani ya msimbo. Kazi inaongezeka, ndiyo, lakini vitu vyenyewe katika programu moja kwa kawaida si vingi.

Pale ambapo kiolezo kimoja hakiepukiki, geuzeni sentensi ili mtumiaji awe mtenda: "Umefuta picha", "Umefuta kiungo", "Umefuta faili". Kitenzi sasa kinamfuata mtumiaji, na kitu kilichofutwa kinabaki yambwa isiyodai kiambishi. Njia hii hukwama kwa watu, kwani hapo tunasema "Umemfuta mtumiaji", na hukwama pia mkitaka kuongeza kionyeshi: picha hii, kiungo hiki, faili hili. Tena itumieni pale tu ambapo yeye ndiye aliyefuta kweli. Kumwambia "Umefuta" wakati mfumo ndio uliofuta ni kumsingizia.

Jina la faili alilolibuni mtumiaji mwenyewe litangulizieni nomino: "Faili ripoti.pdf limefutwa". Bila nomino hiyo, hakuna anayeweza kujua ngeli ya "ripoti.pdf".

Kwa majina ya watu mna nafuu. "Amekutumia picha" hufaa kwa mwanamke na kwa mwanamume, kwa hiyo hapo nafasi ya jina iacheni wazi bila hofu, mradi msanidi akumbuke kwamba wakiwa wawili kitenzi kinakuwa "wamekutumia".