Panga elementi kwa nambari ya atomu, si kwa tungamo

Mdogo wangu, weka kalamu chini kwanza. Umeandika kwamba umekariri jedwali la elementi kwa kufuata tungamo ya atomu, kutoka nyepesi hadi nzito, na sasa unauliza kwa nini tungamo huwa na nukta, na ukubwa wa atomu hubadilikaje katika kipindi kimoja, yaani safu mlalo moja ya jedwali. Kukariri huko ndiko kulikoniponza hapa Nakuru nikiwa kidato cha nne.

Swali lilikuwa na elementi zilizopewa herufi ambazo si alama zake halisi, kama ilivyo desturi ya mitihani yetu. P ilikuwa na nambari ya atomu 18 na tungamo 40. Q ilikuwa na nambari 19 na tungamo 39. Kwa kuwa 39 hutangulia 40, nikaitanguliza Q, na tangu hapo kila jibu likapinda. Q ilikuwa potasiamu, metali laini inayokatika kwa kisu na kuwaka mwali wa zambarau ikitiwa majini, nami nikaandika kwamba ni gesi ajizi, yaani isiyotendana na elementi nyingine. P ilikuwa agoni, gesi inayojazwa ndani ya balbu, nami nikaiandikia mlinganyo wa kutendana na klorini, tena nikausawazisha kwa uangalifu mkubwa. Karatasi ilirudi ikiwa na mikwaju myekundu kuanzia kipengele cha (a) hadi cha (f), kwa sababu vyote vilitegemea mpangilio ule wa kwanza.

Mwalimu wa tuisheni ya likizo, ambaye wazazi wetu walimlipa kwa taabu, alikuwa ametuambia kwamba nambari na tungamo hupanda pamoja, kwa hiyo tuchague yoyote. Hasira yangu kwake haijaisha, kwa maana kauli hiyo ni kweli mara nyingi, na ndiyo maana hakuna aliyeitilia shaka mpaka siku ya mtihani.

Nambari ya atomu ni idadi ya protoni katika kiini. Atomu isiyo na chaji ina elektroni idadi iyo hiyo, na elektroni za nje ndizo zinazoamua tabia ya elementi. Nyutroni huongeza uzito tu. Atomu nyingi za agoni zina nyutroni 22, ilhali nyingi za potasiamu zina 20. Ndiyo sababu agoni huizidi potasiamu kwa uzito ingawa ina protoni moja pungufu. Mendeleev mwenyewe, mkemia wa Urusi aliyepanga jedwali lake la 1869 kwa uzito, aliitanguliza teluriamu kabla ya iodini kwa kuangalia tabia zake, akiamini kwamba uzito wa teluriamu ulikuwa umepimwa vibaya. Haukuwa na kosa: teluriamu ni 127.6 na iodini ni 126.9. Mwaka 1913 mwanafizikia Mwingereza Henry Moseley alipima eksirei zinazotolewa na elementi mbalimbali, akaonyesha kwamba kinachopanda hatua kwa hatua ni chaji ya kiini.

Ukubwa wa atomu nao haufuati tungamo. Kutoka sodiamu hadi klorini tungamo hupanda kutoka 23 hadi 35.5, lakini atomu huzidi kuwa ndogo, kwa kuwa elektroni zinaongezwa katika mzingo uleule wa tatu huku protoni zikiongezeka kutoka 11 hadi 17 na kuzivuta karibu zaidi. Nukta hiyo ya 35.5 ni wastani tu: takriban atomu tatu kati ya nne za klorini zina tungamo 35, na moja ina 37.

Futa mpangilio wako leo, kabla haujakuzoea. Andika 18, kisha 2.8.8, yaani idadi ya elektroni katika kila mzingo, chini yake 19, kisha 2.8.8.1. Endelea hivyo hadi 20, ukiwa umeifunika safu ya tungamo kwa karatasi, kisha uniwekee hapa niupitie.