Ukuta wa chokaa uliochorwa kwa rangi ya kupuliza

SWALI: Ukuta wa nje wa nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Zanzibar, umechorwachorwa kwa rangi nyeusi ya kupuliza. Fundi anataka kuukwangua kwa brashi ya waya, kisha apake rangi ya plastiki juu. Tumkubalie?

JIBU: Hapana, kwa yote mawili. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Rangi ya plastiki huuziba. Maji na chumvi vikikosa pa kutokea, plasta hufura na kubanduka mapande mapande. Brashi ya waya huchimba chokaa kabla haijamaliza rangi. Siki, ndimu wala tindikali yoyote isiguse hapo: huila chokaa yenyewe.

Tafuteni dawa ya kuondolea rangi iliyo nzito, ya jeli. Tina haifai. Ni nyepesi mno, huiyeyusha rangi na kuizamisha kwenye vitundu vya plasta, mkabaki na kivuli cha kijivu kilichosambaa kuliko mchoro wenyewe. Jaribuni kwanza sehemu ndogo ya ukuta, kama ukubwa wa kiganja. Pakeni unene wa milimita 2 au 3, funikeni kwa nailoni isikauke, ngojeni muda ulioandikwa kwenye kopo. Kwangueni kwa ubao mwembamba au plastiki, kutoka ukingoni kwenda katikati ili weusi usitambae, kisha osheni kwa maji na brashi laini. Rudieni mara 2 au 3. Vaeni glovu na miwani, na msifanye kazi ukuta ukiwa unapigwa na jua.

Palipogoma msifunike kwa chokaa. Haishiki juu ya rangi ile, itapukutika. Banduweni plasta ya hapo tu, mpige mpya: chokaa kipimo 1, mchanga 3, tena mchanga usio wa ufukweni, maana chumvi yake itairudisha shida. Saruji isiingie kabisa. Kwa kuwa ni uso wa nje, pateni kwanza ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Plasta ikishakauka, lowesheni ukuta, pakeni chokaa nyepesi kama maziwa, mikono (yaani matabaka) 4 au 5, kila mkono ukae siku moja. Mkono mnene hupasuka.

SWALI: Na mlango wa nakshi uliopulizwa rangi hiyohiyo?

JIBU: Dawa ileile, kwa mswaki laini na vijiti vya mianzi kwenye mikunjo ya nakshi. Msasa usitumike, unafuta kingo za mchongo na hazirudi.