Kule Juu ni Baridi, Ila Mitambo Huungua

Karibu kwenye kazi ya darubini za puto. Najua umekuja kwa ajili ya ule mwanga mkongwe wa mikrowevu, masalia ya ulimwengu ulipokuwa mchanga, ambao leo una joto la kelvini 2.7 tu. Mwaka wako wa kwanza, hata hivyo, utakuwa wa nyaya na skrubu.

Tunapanda na puto kwa sababu mvuke wa maji hunyonya mawimbi hayo, na wenyewe hutoa mawimbi kama hayo. Kwenye kilomita 35 karibu hewa yote imebaki chini yako. Wageni wengi hufurahia hilo wakasahau kwamba pasipo hewa, feni haina cha kupuliza. Kiangazi cha Antaktika nako jua halitui. Darubini ya puto iitwayo EBEX iliporuka kutoka huko Desemba 2012, kidhibiti cha mota ya kuigeuza kulia na kushoto kilipata joto kupita kiasi, darubini ikabaki kujizungukia. Hebu fikiria: vihisi vimepozwa hadi karibu na sifuri kamili, baridi ya mwisho kabisa iwezekanayo, halafu kinachokuangusha ni kidhibiti cha mota!

Nami niliwahi kubishana na mkubwa wangu wa maabara juu ya ukanda wa shaba wa kuondolea joto. Niliuona uzito wa bure. Sanduku langu la mitambo likaingizwa kwenye chemba ya ombwe, yaani isiyo na hewa, na kabla ya chakula cha mchana likawa limezima. Hakunisema, alinisukumia tu ule ukanda mezani. Tangu siku hiyo, kila kinachopitisha umeme nakiuliza: joto lako litatoka kwa njia gani?

Kisha kuna diski za kuhifadhia data. Setilaiti haiwezi kupitisha data yote, kwa hiyo nyingi hushuka kwa parachuti pamoja na darubini. Darubini ya BOOMERanG, iliyoruka Antaktika mwishoni mwa 1998, ilizungushwa na upepo siku kama kumi ikarudi karibu na ilikoanzia. Usiitegemee bahati hiyo. Darubini ya SPIDER ya Januari 2015 ilitua mbali, na waliokwenda kuzichukua diski ni watu wa British Antarctic Survey, taasisi ya Uingereza ya utafiti wa Antaktika. Sehemu kubwa ya darubini ilingoja miezi kadhaa barafuni.

Kwa hiyo diski zako zifungie pale atakapozifikia mtu asiyekujua, mwenye glavu nene na haraka ya kurudi kwenye ndege. Zivae glavu hizo wewe kwanza, ujaribu kuzitoa, kabla kontena halijafungwa.